Shambulio Si Adhabu

Sehemu kubwa ya habari za vita zinazosomwa Afrika Mashariki huandikwa kwanza kwa Kiingereza, zikatufikia huku vitenzi vyake vimekwisha kuchaguliwa na mtu mwingine. Jeshi fulani limejibu mapigo, limesafisha eneo, limetoa fundisho, limewaadhibu waasi. Mhariri anayekimbizana na muda wa gazeti kwenda mitamboni hawezi kukipima kila kitenzi, hivyo hutafuta kinachokaribiana nacho kwa Kiswahili na kuendelea. Lakini kitenzi ndicho kinachobeba hukumu ya habari nzima. Msomaji akiambiwa kijiji kimeshambuliwa, atauliza ni nani aliyekishambulia na kwa nini. Akiambiwa kijiji kimeadhibiwa, swali hilo limekwisha kujibiwa kabla hajaliuliza, maana anayeadhibiwa ni mkosaji. Hoja ya makala haya ni kwamba shambulio lisiitwe adhabu, liwe limefanywa na dola yenye ndege za kivita, kundi la watu mtaani, au mtu mmoja ndani ya nyumba yake. Neno adhabu libaki kwa uamuzi wa chombo kilichosikiliza pande zote na kupima ushahidi.

Kiingereza chenyewe kina kitenzi kinachoionyesha hatari hii waziwazi, nacho ni ‘strafe’. Waingereza wengi hukitamka ‘straaf’ na Wamarekani ‘streif’, na maana yake ya leo ni kuwamiminia risasi walio ardhini kutoka kwenye ndege inayoruka chini. Asili yake ni Kijerumani, ambako ‘strafen’ maana yake ni kuadhibu. Uingereza ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani Agosti 4, 1914, Wajerumani wengi waliielekezea hasira kubwa kuliko waliyokuwa nayo kwa maadui wengine. Mshairi Ernst Lissauer alitunga shairi la kuichukia Uingereza, likaenea nchi nzima na kumpatia nishani kutoka kwa Kaiser Wilhelm II. Kaulimbiu ya kumwomba Mungu aiadhibu Uingereza, ‘Gott strafe England’, ikapigwa chapa kwenye postikadi, beji na vibandiko vya barua. Watu wakaifanya hata salamu, mmoja akitamka na mwenzake akiitikia. Askari wa Uingereza waliokuwa kwenye mahandaki nchini Ufaransa walilisikia neno hilo, wakalidhihaki, kisha wakalichukua. Kufikia 1915 lilikuwa tayari neno la Kiingereza. Mizinga ikiyashukia mahandaki ghafla, waliliita tukio hilo ‘strafe’; ofisa akimkaripia askari wake, walitumia neno hilo hilo.

Ndege za kivita zilipoanza kushuka chini na kuwafyatulia risasi askari walioko ardhini, neno likahamia angani, na kufikia Vita vya Pili vya Dunia maana hiyo ndiyo iliyokuwa imetawala. Tangu miaka ya 1990 wachezaji wa michezo ya kompyuta ya kufyatuliana risasi wamelitumia kwa maana ya kusogea upande bila kugeuza uso, mwendo usiohitaji hata risasi moja. Hivyo ndani ya muda usiofika miaka mia moja neno lilipita hatua tatu: lilianza kama adhabu iliyoombwa kwa Mungu, likawa jina la mbinu ya kijeshi, kisha likaingia kwenye mchezo. Katika hatua ya kwanza anayepigwa ni mkosaji anayestahili. Katika ya pili ni shabaha. Katika ya tatu hayupo kabisa. Hakuna hatua hata moja ambamo anaonekana kama mtu ambaye huenda amedhulumiwa. Kitenzi kilichozaliwa na hukumu ndani yake hakikuhitaji kueleza kwa nini mtu anapigwa, na hukumu hiyo ilipofutika kwenye kumbukumbu za wasemaji, hakuna swali lililorudi mahali pake.

Jambo hili lilifika kwenye karatasi za serikali. Julai 25, 1950, katika wiki za mwanzo za vita vya Korea, Kanali Turner Rogers wa Jeshi la Anga la Marekani alimwandikia mkuu wake kwamba jeshi la nchi kavu lilikuwa limeomba ndege ziyapige makundi yote ya wakimbizi wa kiraia yatakayoonekana yakikaribia ngome zake, na kwamba hadi siku hiyo ombi hilo lilikuwa likitekelezwa. Kitenzi alichotumia ni hicho tunachokizungumzia, na kilikaa hata kwenye kichwa cha waraka kama jina la sera. Haki inataka isemwe kwamba Rogers alikuwa na wasiwasi. Alionya kwamba jambo hilo lingeweza kuliaibisha jeshi na serikali yake, akashauri raia wasipigwe isipokuwa ijulikane kwamba wamo askari wa adui au wametenda uadui. Hata hivyo waraka wenyewe unasomeka kama waraka wowote wa ofisini. Siku iliyofuata mauaji ya wakimbizi yalianza karibu na kijiji cha No Gun Ri; ndege ziliwapiga, na askari wa Marekani wakaendelea kuwafyatulia risasi chini ya daraja la reli hadi Julai 29. Dunia haikupata habari kamili mpaka shirika la Associated Press lilipochapisha uchunguzi wake Septemba 1999. Rais Bill Clinton alieleza masikitiko Januari 2001, na mwaka 2005 serikali ya Korea Kusini ilithibitisha majina ya watu 163 waliouawa au kupotea.

Mtaalamu wa lugha anaweza kunisimamisha hapa. Atasema asili ya neno si maana yake. Rubani wa 1950 hakuwa akifikiria Kijerumani, na wala hakudhani kwamba anaadhibu. Nakubaliana naye kabisa. Sisemi kwamba ndani ya kitenzi hicho mna adhabu iliyojificha inayoendelea kufanya kazi. Ninachosema ni kwamba historia yake inatuonyesha njia mbili ambazo lugha hutumia kumwondoa anayeshambuliwa mbele ya macho yetu. Moja ni kumhukumu, kwa kuliita pigo adhabu. Nyingine ni kumsahau, kwa kuliita pigo jina la kitaalamu. Ya pili imeshaandikwa sana, na wasomaji wengi wameshajifunza kuzitilia shaka lugha za kijeshi zinazoitwa za kiufundi. Ya kwanza haijatiliwa shaka ya kutosha, na kwetu ndiyo yenye mizizi mirefu zaidi, kwa sababu nchi zetu zilishambuliwa kwa jina la adhabu kabla ya 1914.

Wajerumani walipokuja kuitawala Tanganyika walikuwa na neno rasmi la kutuma jeshi dhidi ya watu waliokataa amri: ‘Strafexpedition’, yaani msafara wa kuadhibu. Mwaka 1891 Emil von Zelewski aliongoza msafara wa aina hiyo kwenda Uhehe, na Agosti 17 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilimuua pamoja na sehemu kubwa ya askari wake pale Lugalo. Wajerumani walirudi mwaka 1894 wakaibomoa ngome ya Kalenga, na Mkwawa akajiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, utawala wa Gavana von Götzen uliamua kutumia njaa kama silaha. Vijiji vilichomwa, mazao na maghala yakateketezwa. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalikuwa watu 75,000 waliokufa, na wanahistoria wa baadaye wamefika hadi 250,000 au 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Uliza sasa mtoto aliyekufa kwa njaa Ungoni mwaka 1907 alikuwa na kosa gani. Hakuna mahakama iliyomtaja, hakuna shtaka lililosomwa, hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea na kuomba msamaha. Anayeadhibu kwa haki haombi msamaha. Kitendo hicho kinakiri kwamba neno lililotumiwa miaka mia moja na zaidi iliyopita lilikuwa uongo.

Waingereza nao walifanya hivyo hivyo, na Pwani yetu inawajua. Admirali Harry Rawson aliongoza jeshi lililoiteka ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui pale Mwele, nyuma ya Mombasa, Agosti 1895. Mwaka uliofuata, Agosti 27, 1896, manowari zilizokuwa chini yake ziliipiga kwa mizinga kasri ya Zanzibar, ambamo Khalid bin Barghash alikuwa amejitangaza sultani, na kazi ikaisha kwa muda usiotimia saa moja. Februari 1897 alikuwa Benin, katika Nigeria ya leo, akiongoza uvamizi ambao Waingereza waliuita kwa jina lake kamili: msafara wa kuadhibu. Mji ulichomwa, na maelfu ya kazi za shaba na pembe za ndovu yakabebwa hadi kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Katika nchi ya Wanandi misafara ya namna hiyo ilirudi tena na tena hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 19, 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani, na maelfu ya ng’ombe wa Wanandi wakachukuliwa. Agosti 1914, mwezi ule ule ambao Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani, Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, wakachoma nyumba na kuwatoza watu faini, kwa sababu walikataa kutoa vijana wao na kodi yao. Mataifa mawili yaliyokuwa yakitukanana kwa neno la adhabu huko Ulaya yalikuwa yamekwisha kulitumia kwetu kwa maana ile ile: nyumba zinachomwa, mifugo inachukuliwa, na anayefanya hivyo anajiita hakimu.

Ni vizuri tuseme kwa uwazi adhabu inahitaji nini ili istahili jina lake. Kwanza, liwepo kosa linalojulikana kabla halijatendwa. Pili, ithibitike kwamba huyu anayeadhibiwa, na si jirani yake wala mtoto wake, ndiye aliyelitenda. Tatu, anayeadhibu awe na mamlaka ambayo hata mkosaji anaweza kuyatambua, na asiwe yeye mwenyewe mlalamikaji. Nne, kiwepo kipimo, kwamba kosa hili linastahili kiasi hiki na halizidi, na mlango wa kukata rufaa uwe wazi. Shambulio halitimizi hata sharti moja kati ya haya. Anayeshambulia ndiye mlalamikaji, shahidi, hakimu na mtekelezaji, na pigo lake haliwezi kutenganisha aliyekosa na aliyelala nyumba ya pili. Kwa hiyo mtu anapoliita shambulio lake adhabu, anaazima heshima ya mahakama bila kupita mahakamani. Gazeti linaporudia neno hilo bila kumtaja aliyelisema, linamthibitishia mkopo huo.

Afrika Mashariki inao mfano ambao unaziweka njia zote mbili kando kwa kando. Agosti 7, 1998, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu 224, wengi wao wakiwa Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wakipita njia. Siku kumi na tatu baadaye, Agosti 20, Marekani ilirusha makombora kwenye kambi nchini Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Serikali yake ilidai haki ya kujilinda, lakini sehemu kubwa ya vyombo vya habari ililiita jambo hilo malipizi, na wengi waliona kwamba waliohusika na vifo vya Nairobi wameadhibiwa. Ushahidi kwamba kiwanda hicho kilihusika na silaha za kemikali ulitiliwa shaka hata na baadhi ya maofisa wa Marekani, na mwaka 1999 serikali hiyo iliziachia fedha za mwenye kiwanda ilizokuwa imezizuia. Kilichokuwa kimebomolewa ni moja ya vyanzo vikubwa vya dawa nchini Sudan. Wakati huo huo kesi ilikuwa ikiandaliwa New York. Mwaka 2001 washtakiwa wanne, mmoja wao Mzanzibari, walisomewa mashtaka, wakatetewa na mawakili, mashahidi wakahojiwa, wakapatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Ile ya New York ni adhabu, na jamaa wa waliokufa wanaweza kuitaja kwa jina hilo bila kusita. Ya Khartoum ni shambulio. Kuziita zote mbili kwa neno moja ni kuidhulumu kazi iliyofanyika mahakamani, na ni kuwadhulumu wagonjwa wa Sudan walioitegemea dawa ile.

Sheria za kimataifa zimekwisha kuutambua mpaka huu, japo lugha ya magazeti haijaufuata. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, katika ibara ya 33, unakataza kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda yeye mwenyewe, na unapiga marufuku adhabu za jumla kwa jamii nzima. Mwaka 1964, baada ya ndege za Uingereza kuipiga ngome ya Harib nchini Yemen, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 188 na kulaani mapigo ya kulipiza kisasi kwa kuwa hayaendani na malengo ya Umoja wa Mataifa. Tamko la Baraza Kuu la mwaka 1970 kuhusu uhusiano wa kirafiki kati ya mataifa lilirudia kwamba nchi ina wajibu wa kujizuia kulipiza kisasi kwa nguvu za silaha. Kinachoruhusiwa ni kujilinda, chini ya ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Wasiofuata sheria hizi ni wengi, lakini wazo lililomo ndani yake limesimama: mataifa yamekataa kwamba taifa moja liwe hakimu wa jingine kwa kombora. Mwandishi anayeandika kwamba jeshi limeliadhibu eneo fulani anarudi nyuma ya mahali sheria zilipokwisha kufika.

Tukiishia kwa majeshi ya mbali tutakuwa tumejipendelea, maana kosa hili limejaa katika kurasa zetu za habari za hapa nyumbani. Kila msomaji wa magazeti ya Tanzania anaifahamu sentensi isemayo kwamba mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali baada ya kutuhumiwa kuiba. Sentensi hiyo inafanya mambo matatu kwa pamoja. Inawaficha wauaji ndani ya neno wananchi, ambalo ni neno la heshima. Inawapa sababu, ambayo ni hasira. Na mara nyingi, ikifika aya ya tatu, mtuhumiwa ameshakuwa mwizi, na aliyepigwa hadi kufa amekuwa aliyepewa kichapo. Mauaji yanasomeka kama adhabu iliyozidi kidogo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13, inakataza mtu anayeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na Katiba ya Kenya, ibara ya 50, inasema jambo hilo hilo. Gazeti linalomwita maiti mwizi bila mahakama kusema hivyo limemnyima marehemu ulinzi ambao katiba ilimpa akiwa hai. Kundi lililompiga kwa mawe na kumchoma kwa matairi limefanya mauaji. Kitenzi kipo, ni kuua, na hakuna sababu ya kukiepuka.

Nyumbani nako neno adhabu linafanya kazi kubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Mume anayempiga mkewe husemwa kwamba anamtia adabu au anamrudi, na kwa vitenzi hivyo kosa linahama kutoka kwa mpigaji hadi kwa mpigwaji. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu Tanzania wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kipigo tangu wafikishe miaka 15. Utafiti huo huo uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila kuaga, na asilimia 58 ya wanawake walitaja walau sababu moja iliyowaridhisha. Takwimu hiyo ya pili inatisha kuliko ya kwanza. Mtu anayeamini kwamba kipigo ni adhabu hatakwenda polisi, kwa sababu anayeadhibiwa hana cha kushtaki. Lugha haikuumba imani hiyo peke yake. Zipo mila, umaskini na utegemezi. Lakini lugha ndiyo inayoipa imani hiyo sura ya jambo la kawaida, na ni sehemu ambayo gazeti lina uwezo wa kuirekebisha kesho asubuhi.

Lipo pingamizi zito la watu wanaoishi na wizi kila usiku. Watasema mwandishi aliyekaa mjini hajui polisi wanachukua muda gani kufika, au mara ngapi mtuhumiwa anaonekana mtaani siku ya pili akiwatisha waliomkamata. Pingamizi hilo lina ukweli, na serikali ambayo raia wake hawaiamini katika ulinzi wa mali zao ina deni kubwa. Lakini deni hilo linadaiwa vizuri zaidi kwa maneno ya kweli. Tukiandika kwamba watu wa mtaa fulani wameua kwa sababu hawana imani na kituo chao cha polisi, tumeweka mbele ya umma matatizo mawili, mauaji na ulinzi uliokosekana, na yote mawili yana mtu wa kuulizwa. Tukiandika kwamba mwizi ameadhibiwa, tumeyafunga yote mawili. Mkuu wa polisi analala vizuri, kwa kuwa haki imetendeka. Anayesema kwamba neno la upole linawatetea wanyonge ajiulize pia ni nani hufa katika vifo hivi. Mara nyingi ni maskini aliyedhaniwa kuwa mwizi, na akiwa hana kosa hakuna rufaa ya kumrudisha.

Pingamizi la pili ni la taifa zima, nalo ni Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua raia, yakapora mali na mifugo, na Amin akatangaza kwamba eneo la kaskazini mwa Mto Kagera ni la Uganda. Tanzania ilipigana hadi ikaingia Kampala Aprili 11, 1979. Mtanzania anaweza kuuliza kama anatakiwa aandike jambo hilo kwa kitenzi baridi kana kwamba pande mbili zilikuwa sawa. Jibu ni hapana, kwa sababu kitenzi cha kweli hakizilinganishi pande mbili. Kinazitofautisha kwa vitendo vyake. Jeshi la Uganda lilivamia. Jeshi la Tanzania lilimfukuza mvamizi, kisha likavuka mpaka kumfuata hadi utawala wake ukaanguka. Kila kitenzi hapo kinaweza kuhakikiwa kwa tarehe na ramani, na kila kimoja kinaitetea Tanzania vizuri kuliko neno adhabu. Katika mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Monrovia Julai 1979, Sudan na Nigeria ziliikosoa Tanzania kwa kuingia nchi ya jirani. Hoja iliyoweza kuzijibu ilikuwa ya kujilinda dhidi ya mtawala aliyeanza vita. Kama Tanzania ingesema imekwenda Uganda kuadhibu, ingelikuwa imekubali kwamba taifa lolote lenye nguvu linaweza kujipa ujaji wa jirani yake, na nchi ndogo hazina faida yoyote katika kanuni hiyo.

Wapo pia watakaosema kwamba maneno hayaui, na kwamba lugha ina haki ya kutumia tamathali. Hili la tamathali lisitusumbue sana. Timu inapoifunga nyingine mabao manne na mtangazaji akasema imeiadhibu, hakuna aliyedhulumiwa, kwa sababu timu zote mbili zilikubali sheria za mchezo, mwamuzi alikuwepo, na waliofungwa watarudi uwanjani wiki ijayo. Tatizo linaanza pale neno hilo linapotumika kwa watu wasiokubali mchezo na wasio na mwamuzi. Ama kuhusu maneno kutokuua, ni kweli kwamba risasi ndiyo inayoua. Lakini kabla ya risasi kuna amri, na baada yake kuna taarifa, na vyote viwili ni maneno. Waraka wa Rogers ulihitaji kitenzi kinachoweza kukaa kwenye karatasi ya ofisi bila kumshtua karani. Kama ungetakiwa kusema kwa ukamilifu kwamba ndege zetu zinawaua kwa risasi wanawake, wazee na watoto wanaokimbia vita, huenda ungepitia mikononi mwa watu wengi zaidi wa kuukataa.

Ninachopendekeza kwa vyumba vya habari hakihitaji kamusi mpya wala fedha. Kila habari ya shambulio iseme ni nani alifanya, kwa silaha gani, na nani aliyeumia, katika sentensi moja yenye kitenzi cha wazi: kupiga, kuchoma, kulipua, kuvamia, kuua. Neno adhabu na jamaa zake, kutia adabu, kutoa fundisho na kulipiza, yasitumike kwa sauti ya gazeti lenyewe. Yakiwa yamesemwa na msemaji wa jeshi, kiongozi wa kundi au mume aliyekamatwa, yawekwe mdomoni mwake, kwamba huyu anadai ameadhibu, ili msomaji ajue kwamba ni dai la mtu mwenye maslahi. Habari iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza ipimwe kwa kipimo hicho hicho, kwa maana wakala wa habari aliyeko London au New York ana haraka zake na mazoea yake. Vitabu vya shule navyo vinapofundisha Lugalo, Songea na Nandi, visirudie jina ambalo mtawala aliipa misafara yake bila kumwambia mwanafunzi ni nani aliyelitunga.

Mabadiliko haya yatakuwa na gharama moja ya kweli: yatatunyima faraja. Ni rahisi kuishi katika dunia ambamo wanaopigwa wamekosa, kwa sababu asiyekosa anaweza kudhani yuko salama. Kitenzi cha wazi kinatunyang’anya dhana hiyo na kutuachia kazi ya kuuliza kila mara kosa lilikuwa nini, nani alilithibitisha, na nani alisikilizwa. Kazi hiyo ndiyo iliyokosekana Uhehe na Ungoni, ikakosekana No Gun Ri na Khartoum, na inakosekana kila mtu anapochomwa moto mtaani kwetu kabla ya kupelekwa kituoni. Mahakama zetu zina kasoro nyingi, lakini bado ndizo mahali pekee ambapo maswali hayo yanaulizwa kwa utaratibu na aliyekosewa anaweza kusikilizwa pamoja na anayetuhumiwa. Zikiachiwa neno adhabu liwe lao peke yao, wananchi watakuwa na kipimo cha kuzidai zifanye kazi yao, na kila anayeshambulia, awe na bunduki, jiwe au mkono mtupu, atabaki na jina la kitendo chake na wajibu wa kukijibu.